Idara moja ya sheria, miji mingi: Nani humsikiliza wakili wa tawi la mbali?

IDARA ya sheria ya kampuni ni kundi la mawakili na wasaidizi wao walioajiriwa na kampuni yenyewe, tofauti na mawakili wa nje wanaotafutwa kesi inapozuka. Kazi yao aghalabu haionekani na umma. Wao ndio huandika mikataba, husoma sheria mpya kabla hazijaanza kuuma, huketi katika vikao vya bodi ya wakurugenzi na kujibu barua za mamlaka zinazosimamia biashara. Kampuni inapokuwa na ofisi moja, idara hii huwa mfano wa jamaa wanaopakua chungu kimoja. Wakili mchanga akikwama, huinuka kitini, akabisha mlango wa mkubwa wake na kupata jibu kabla chai haijapoa.

Matata huanza pale kampuni inapovuka mpaka.

Katika eneo la Afrika Mashariki, safari hiyo ya kuvuka mipaka imekwenda kwa kasi. Benki ya KCB ilianza shughuli Tanzania mwaka 1997, ikaingia Sudan Kusini mwaka 2006, Uganda mwaka 2007, Rwanda mwaka 2008 na Burundi mwaka 2012. Mwishoni mwa mwaka 2022, ilinunua sehemu kubwa ya hisa za Trust Merchant Bank, ambayo makao yake ni Lubumbashi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Benki ya Equity nayo iliingia Uganda mwaka 2008 na Congo mwaka 2015. Kampuni za bima, za simu na za maduka makubwa zimepita njia iyo hiyo, baadhi zikafanikiwa na nyingine zikafunga virago.

Kila mojawapo ya kampuni tanzu hizo inahitaji wakili anayeijua sheria ya nchi hiyo. Basi kampuni hujikuta na mawakili Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, Kigali, Juba na Kinshasa, wote wakihesabiwa kuwa wa idara moja, ilhali baadhi yao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Swali linalowasumbua wakuu wa sheria wa kampuni za aina hii ni jinsi ya kuwafanya watu hao wawe na mwenendo mmoja, yaani wapime hatari kwa mizani moja na kukataa mambo yale yale bila ya kulazimika kupigiana simu kila saa.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni semina, fulana zenye nembo ya kampuni na hati ya maadili iliyobandikwa ukutani. Vitu hivyo havina ubaya. Lakini yaliyozipata baadhi ya kampuni kubwa za dunia yanaonyesha kwamba utamaduni wa idara hujengwa, au hubomolewa, mahali pengine kabisa: pale wakili wa tawi la mbali anapomwambia mkubwa wake wa karibu kwamba jambo fulani haliwezekani kisheria, kisha akageuka kutazama kama makao makuu yako nyuma yake.

Sheria haziwezi kuwa moja

Kabla ya kufika huko, ni muhimu kufahamu kwa nini umoja wa idara hauwezi kupatikana kwa kusambaza karatasi moja kila mahali.

Chukua mfano wa mkopo unaodhaminiwa kwa ardhi, kazi ya kila siku katika benki yoyote. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na imekabidhiwa Rais kama mdhamini. Anachokuwa nacho mwananchi ni haki ya kuitumia, naye mgeni hupewa kwa madhumuni ya uwekezaji pekee. Uganda ina ardhi ya mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ambapo mwenye hati na anayeishi juu ya shamba wanaweza kuwa watu wawili tofauti, wote wakiwa na haki. Nchini Congo, sheria ya mwaka 1973 ilitangaza kuwa udongo wote ni mali ya Serikali, na wananchi wanapewa kibali cha kuutumia.

Mkataba wa dhamana ulioandikwa kwa ustadi Nairobi, ukipelekwa Kinshasa bila kuguswa, huwa karatasi tupu.

Isitoshe, mifumo yenyewe ya sheria ina asili tofauti. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mfumo wa Uingereza, ambapo hukumu za majaji waliotangulia huwa na nguvu ya kuongoza. Burundi na Congo zilirithi mfumo wa Ubelgiji unaotegemea zaidi sheria zilizoandikwa katika vitabu vya kanuni. Rwanda ilianzia huko huko lakini imekuwa ikisogea upande wa pili, hasa baada ya kujiunga na Jumuiya ya Madola mwaka 2009. Congo nayo ilijiunga mwaka 2012 na OHADA, muungano wa nchi 17 za Afrika zinazotumia sheria za pamoja za biashara. Kwa hivyo, mzozo wa dhamana ya biashara ulioanzia Goma unaweza kuishia mbele ya mahakama ya muungano huo mjini Abidjan, Ivory Coast. Wakili wa Nairobi ambaye maisha yake yote amezoea kutaja hukumu za Mahakama ya Rufaa hapo atakuwa mwanafunzi.

Hata ndani ya nchi moja mambo hayalingani. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na sheria zake za ardhi, mbali na zile za Tanzania Bara. Anayefungua tawi Unguja akidhani ametimiza kila kitu kwa kuwa tayari ana tawi Dar es Salaam atajuta.

Kinachoweza kufanana ni maswali. Kwa mfano, Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inataka mume au mke aridhie kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Sheria za Uganda na Tanzania nazo zina matakwa ya namna hiyo, ingawa kila moja imeyaeleza kwa njia yake. Idara iliyokomaa haimtumii wakili wa Kampala fomu ya Kenya. Humtumia swali: je, mwenzake wa ndoa amejulishwa, ameelewa na kuridhia, na ushahidi uko wapi? Namna ya kulijibu ni juu ya wakili wa Kampala, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye sheria ya kwao. Hali kadhalika kuhusu data za kibinafsi. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Vifungu vinatofautiana, lakini swali la mteja anayetaka kujua nani ameona taarifa zake ni moja kote.

Tofauti hii kati ya fomu na swali inaonekana ndogo, kumbe ndani yake mna heshima. Anayetumiwa fomu ameambiwa atii, ilhali anayetumiwa swali ameaminiwa kufikiri.

Yaliyotokea Mexico

Mnamo Septemba 2005, wakili wa ngazi ya juu katika makao makuu ya Walmart, mjini Bentonville, Marekani, alipokea barua pepe ya kutisha. Ilitoka kwa afisa wa zamani wa kampuni tanzu ya Mexico, ambaye pia alikuwa mwanasheria na aliyewahi kusimamia shughuli ya kupata vibali vya ujenzi wa maduka. Alidai kuwa kampuni hiyo tanzu ilikuwa imetoa hongo ili vibali vipatikane haraka na maduka yafunguliwe kila pembe ya nchi.

Habari hizo zilifichuliwa na gazeti la The New York Times mwezi Aprili 2012, na ripoti zake zikashinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Kwa mujibu wa gazeti hilo, mkuu wa sheria wa kitengo cha kimataifa cha Walmart, Maritza Munich, alitaka uchunguzi kamili ufanywe na mawakili wa nje wasiofungamana na upande wowote. Wakubwa wa kampuni hawakukubali. Hatimaye mwaka 2006, faili ilikabidhiwa mwanasheria mkuu wa kampuni tanzu ya Mexico, mtu ambaye mwenyewe alikuwa ametajwa katika madai hayo. Haikuchukua muda akaandika kwamba hapakuwa na ushahidi. Munich alijiuzulu.

Kuna mengi ya kuzingatiwa hapa. Mtoa habari hakukosa mahali pa kupeleka neno lake. Barua yake ilifika. Wakili wa makao makuu hakukosa ujasiri. Alisema la kusemwa. Kilichovunjika ni kile kiungo cha kati, pale uchunguzi uliporudishwa kwenye mikono ya tawi lile lile lililotuhumiwa, kwa kisingizio kwamba mambo ya Mexico yanajulikana na watu wa Mexico. Kauli hiyo huvutia, kwa kuwa mara nyingi ni ya kweli. Mambo ya ardhi ya Congo yanajulikana na Wakongomani. Lakini ujuzi wa sheria ya mahali ni jambo moja, na mamlaka ya kujichunguza ni jambo jingine, na idara isiyoweza kuyatenganisha haiwezi kuitwa idara moja hata ikikutana kila Jumatatu.

Mwezi Juni 2019, Walmart ilikubali kulipa takriban dola milioni 282 kumaliza kesi za serikali ya Marekani kuhusu udhaifu wa udhibiti wake nchini Mexico, Brazil, China na India. Miaka karibu 14 ilikuwa imepita tangu barua pepe ile ilipoandikwa.

Siemens na gharama ya kuchelewa

Kisa cha Siemens ya Ujerumani kilikuwa kikubwa zaidi. Mnamo Novemba 2006, polisi walivamia ofisi za kampuni hiyo mjini Munich. Uchunguzi uliofuata ulifichua mfumo wa hongo uliotapakaa duniani. Tume inayosimamia masoko ya hisa nchini Marekani ilisema kuwa kati ya mwaka 2001 na 2007 kulikuwa na angalau malipo 4,283 ya hongo kwa maafisa wa serikali mbalimbali, yenye jumla ya karibu dola bilioni 1.4. Desemba 2008, kampuni mama ilikiri makosa pamoja na kampuni zake tanzu za Argentina, Bangladesh na Venezuela. Kwa jumla, malipo yake kwa serikali za Marekani na Ujerumani yalizidi dola bilioni 1.6.

Si kwamba Siemens haikuwa na kanuni. Ilikuwa nazo, tena zimeandikwa vizuri. Lakini wanasheria waliopewa kazi ya kusimamia uadilifu katika makao makuu walikuwa wachache mno kwa kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 400,000 waliotawanyika katika nchi nyingi. Jambo baya zaidi, ofisi hiyo ilitwikwa mizigo miwili inayovutana: kuzuia makosa ndani ya kampuni, na papo hapo kuitetea kampuni mbele ya waendesha mashtaka. Mtu anayetakiwa kuzima moto na kuficha moshi kwa wakati mmoja hawezi kufanya lolote kati ya hayo kwa ukamilifu.

Mwaka 2007, kampuni ilimleta mkurugenzi mkuu kutoka nje kwa mara ya kwanza katika historia yake, Peter Löscher, naye akamteua Mmarekani Peter Solmssen kuwa mkuu wa sheria na kumpa kiti katika halmashauri kuu ya uongozi. Maafisa wa uadilifu waliongezwa hadi kufikia mamia kote duniani, na mkuu wao akawa anawajibika kwa Solmssen. Kampuni pia ilitoa kipindi cha msamaha, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2007, kwa wafanyakazi wa ngazi za chini na za kati ambao wangejitokeza na kusema waliyoyajua. Walijitokeza, na habari walizotoa ndizo zilizowawezesha wachunguzi kufuata nyayo za fedha hadi nchi ambazo hakuna aliyezitarajia.

Msamaha huo ulizua mjadala, na kwa haki. Wapo waliouliza iweje mtu aliyetia saini malipo ya hongo aendelee na kazi. Hata hivyo, ni vigumu kuona njia nyingine ambayo ingefungua vinywa katika ofisi za mbali, ambako watu walikuwa wamezoea kuamini kwamba Munich inajua kila kitu na imenyamaza kimakusudi.

Kiti katika halmashauri kuu nacho si pambo. Wakili wa Dhaka au Buenos Aires hupima uzito wake kwa kutazama mkubwa wake wa mwisho anaketi wapi. Akiona mkuu wa sheria anaitwa tu mkataba ukishakamilika ili aupige muhuri, naye atafanya vivyo hivyo katika ofisi yake.

Mshahara unaotoka wapi?

Mwanasheria ambaye mawazo yake yamezifikia idara nyingi za aina hii ni Ben Heineman, aliyeajiriwa na General Electric ya Marekani mwaka 1987 chini ya uongozi wa Jack Welch. Wakati huo kampuni kubwa zilizoea kuwapa mawakili wa nje kazi nzito na kuwaachia wa ndani makaratasi. Heineman aligeuza mambo. Aliwaleta mawakili waliokwisha kujijengea majina katika kampuni za uwakili na serikalini, akawaweka kuwa wakuu wa sheria wa vitengo mbalimbali vya biashara, kila mmoja akiwa na uzito wa kusimama mbele ya mkuu wa kitengo chake. Katika kitabu chake cha mwaka 2016, alieleza kuwa wakili wa kampuni ana nafsi mbili: mshirika wa biashara na mlinzi wa kampuni. Akiwa mlinzi tu, hataitwa mkutanoni. Akiwa mshirika tu, atakuwepo mkutanoni lakini hatasema neno.

Mvutano huo huwa mkali zaidi mbali na makao makuu. Wakili wa Juba hula chakula cha mchana na meneja wa Juba. Wana shida moja ya mafuta ya jenereta, watoto wao huenda wakasoma shule moja, na lengo la mauzo la mwaka huwabana wote. Mkuu wa sheria wa Nairobi kwake ni sauti katika simu. Iwapo meneja huyo wa Juba ndiye pia anayemwandikia ripoti ya utendaji, anayeamua nyongeza yake ya mshahara na anayeweza kumfuta, basi hati ya maadili iliyo ukutani haina nguvu.

Ndiyo maana wazoefu wa kazi hii wanashikilia kwamba mkuu wa sheria wa kampuni nzima lazima awe na kauli ya mwisho, au angalau kauli ya kuzuia, katika kuajiriwa, kulipwa na kuachishwa kazi kwa kila wakili wa tawi. Baadhi ya kampuni hupitisha hata bajeti ya mishahara ya mawakili hao makao makuu. Mameneja wa matawi hulalamika kwamba hawawezi kuongozwa na mtu asiye wao, na malalamiko hayo yana msingi kiasi. Wakili anayejiona balozi wa Nairobi, asiyejishughulisha na riziki ya tawi, huwa kero na hatimaye hufichwa mambo. Lakini kati ya kero hiyo na unyamavu wa Mexico, kero ni nafuu.

Kwa mawakili wa Kenya, jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Kukabiliana na Hongo ya mwaka 2016 inazitaka kampuni za kibinafsi ziwe na taratibu za kuzuia hongo kulingana na ukubwa na shughuli zake. Fauka ya hayo, mtu mwenye mamlaka katika kampuni anatakiwa kuripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24 baada ya kujua au kushuku kisa cha hongo. Saa 24 ni muda mfupi. Ikiwa habari kutoka tawi fulani inapaswa kupitia kwa meneja, kisha mkurugenzi wa eneo, kisha kamati fulani, siku itakuwa imekwisha kabla haijamfikia anayetakiwa kuchukua hatua.

Barua pepe si mazungumzo ya barazani

Umbali huwalazimisha mawakili kuandikiana. Yale ambayo wangenong'onezana koridoni huwekwa kwenye barua pepe, na barua pepe hudumu.

Siri kati ya wakili na mteja ni nguzo ya taaluma, lakini nguzo hiyo haisimami kila mahali kwa wakili aliyeajiriwa. Mwaka 2003, maafisa wa Tume ya Ulaya walipekua ofisi za kampuni tanzu ya Akzo Nobel karibu na Manchester, Uingereza, katika uchunguzi wa ushindani wa kibiashara. Wakachukua, miongoni mwa karatasi nyingine, nakala za barua pepe kati ya meneja mmoja na wakili wa ndani wa kampuni hiyo, aliyekuwa mwanachama kamili wa chama cha mawakili cha Uholanzi. Kesi ilidumu miaka. Mnamo Septemba 14, 2010, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mawasiliano hayo hayalindwi katika uchunguzi wa aina hiyo, kwa sababu wakili anayelipwa mshahara na kampuni hana uhuru sawa na wakili wa nje. Chini ya sheria ya Uingereza yenyewe, mawasiliano ya namna hiyo kwa kawaida hulindwa.

Idara iliyotawanyika inapaswa basi kuwa na desturi moja ya uandishi: nini kiandikwe, nini kisemwe kwa simu, na lini wakili wa nje aingizwe. Wakili wa Nairobi aliyelelewa katika mfumo wa Kiingereza huandika kwa uhuru akiamini amekingwa. Mwenzake wa nchi yenye mapokeo ya Kifaransa au Kibelgiji huenda amefundishwa tangu chuoni kwamba mwajiriwa wa kampuni na wakili wa mahakamani ni watu wawili tofauti. Nchini Ufaransa, kwa mfano, aliyeandikishwa kuwa wakili haruhusiwi kuwa mwajiriwa wa kampuni ya biashara. Ukimya wa mtu kama huyo katika barua pepe si uvivu wala kiburi. Wakuu wengi wa sheria wamewahukumu vibaya wenzao wa matawini kwa kutolijua jambo hili.

Lugha, saa na heshima

Kiswahili kimefanya kazi yake hapa, ingawa kwa njia yenye mipaka. Tangu Tanzania ibadilishe sheria mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini humo, Kiingereza kikibaki kwa hali maalum. Wakili wa Dar es Salaam anayetuma nakala ya hukumu makao makuu huenda akaituma kwa Kiswahili, na Mkenya aliyesomea sheria kwa Kiingereza pekee hulazimika kurudi kwenye kamusi. Hata maneno ya kawaida hupishana: Mkenya akisema kandarasi, Mtanzania aghalabu husema mkataba au zabuni kulingana na maana. Wakili wa Lubumbashi au Goma atazungumza Kiswahili kwa raha, lakini mkataba wenyewe ataandika kwa Kifaransa. Idara ikisema lugha yake ni Kiingereza na kuishia hapo, huwa imeamua, bila kukusudia, nani ataonekana mwerevu mkutanoni.

Saa nazo zina siasa zake. Nairobi ikiwa saa mbili asubuhi, Kigali ni saa moja na Kinshasa ni saa kumi na mbili, watu ndio kwanza wanaamka. Mkutano wa mtandaoni unaopangwa daima kwa saa za Nairobi humwambia Mkongomani mahali pake bila ya kutamka neno. Kuupokeza, leo kwa saa za huku na kesho kwa saa za kule, hakugharimu chochote.

Kisha kuna adabu. Katika ofisi nyingi za Nairobi, wakili kijana humwita mkubwa wake kwa jina la kwanza na kuingia moja kwa moja katika hoja. Dar es Salaam, shikamoo hutangulia, na kumpinga mtu mzima mbele ya wengine huhitaji ufundi. Kigali na Kinshasa, wakili huitwa Maître hata na rafiki zake wa kazini. Mkuu wa sheria anayeuliza kwenye skrini yenye nyuso kumi, 'Kuna mwenye pingamizi?', akakutana na kimya, asichukue kimya hicho kuwa ndiyo. Pingamizi la Dar es Salaam huja baadaye, kwa simu, baada ya kujuliana hali. Asiyepiga simu hiyo halipati.

Kwa sababu hiyo, kampuni zenye busara hutumia fedha kwa safari kuliko fulana. Wakili wa Kampala akikaa miezi mitatu Nairobi, na wa Nairobi akaenda Kampala, kila mmoja hurudi na majina ya watu anaoweza kuwapigia bila woga. Kuna kikwazo: leseni ya uwakili ya Nairobi haimpi mtu ruhusa ya kusimama mahakamani Kigali au Dar es Salaam, na vibali vya kazi vina taratibu zake. Lakini kazi nyingi za idara ya ndani hazifanyiki mahakamani.

Mawakili wa nje nao huigusa idara kwa namna isiyotarajiwa. Kampuni ya kemikali ya DuPont ya Marekani, katika mpango wake ulioanza mwaka 1992, ilipunguza kampuni za uwakili ilizokuwa ikizitumia kutoka zaidi ya 300 hadi zipatazo 35. Nia ya kwanza ilikuwa gharama. Lakini mpango huo pia uliwakutanisha mawakili wa ndani na wa nje katika mtandao mmoja, wakibadilishana nyaraka na uzoefu badala ya kila ofisi kuwa na wakili wake wa siri. Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako meneja wa tawi mara nyingi huwa na wakili aliyesoma naye, uamuzi wa nani huchagua wakili wa nje ni sehemu ya suala lile lile la nani humsikiliza nani.

Jambo linalobaki gumu kuliko yote ni ununuzi. Kampuni ikianzisha tawi jipya, huajiri wakili wake na kumlea. Ikinunua kampuni nzima, hununua na mawakili wenye mazoea, wazee na kumbukumbu zao. Equity ilianza mwaka 1984 huko Murang'a ikiwa chama kidogo cha mikopo ya nyumba. Mwaka 2020 ilinunua hisa nyingi katika Banque Commerciale du Congo, benki iliyoanzishwa mwaka 1909, na kuiunganisha na ile iliyokuwa nayo nchini humo. Mnunuzi alikuwa mdogo kwa mnunuliwa kwa miaka 75. Katika hali kama hiyo, mkuu wa sheria anayetua Kinshasa na sanduku la miongozo kutoka makao makuu atakuta watu waliopitia ukoloni wa Wabelgiji katika faili zao, kisha utaifishaji wa enzi za Mobutu, vita viwili na mabadiliko ya sarafu, na ambao wana maswali yao wenyewe ya kumuuliza.